Shajara ya Kupasua Mninga

Jumatatu

Mama wa Chang'ombe ameleta ubao wake wa mninga, inchi 2 kwa 6, urefu futi 8. Marehemu mumewe aliutoa Tabora, na tangu hapo ukakaa uvunguni mwa kitanda chao ukisubiri kazi inayoustahili. Kazi imepatikana: milango miwili ya kabati, na kila mlango uwe na nyuzi zinazotazamana katikati, kushoto kufanane na kulia. Ameona hivyo kwa shemeji yake na hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Hilo halipatikani kwa kuunga mbao mbili tofauti. Ubao unakatwa vipande viwili vya futi 4, kila kipande kinasimamishwa kwa ubavu, kinapasuliwa unene katikati, halafu zile nusu mbili zinalazwa ubavu kwa ubavu, ndani kukiwa nje. Kukosea ni mara moja tu. Tabora kuna mninga mwingine, ila marehemu hatarudi kuuchagua.

Akauliza lini. Nikamwambia Jumamosi. Hakuuliza Jumamosi ya lini, nami sikuona sababu ya kumchosha.

Jumanne

Kwenye msumeno wa mkanda kulikuwa na bledi ya robo inchi, meno 10 kwa inchi, iliyobaki kwenye kazi ya migongo ya viti. Kwa kukata mikunjo haina mpinzani. Dogo, msaidizi wangu wa karakana, akasema bledi ni bledi. Nikampa kipande cha mkongo chenye kimo cha inchi 6 ajaribu, kwa kuwa mkongo ulikuwa wangu na mninga si wangu.

Hesabu yake ni hii. Ubao wa inchi 6 ukisimama mbele ya bledi ya meno 10, meno 60 yanakuwa ndani ya mbao kwa wakati mmoja. Kila jino lina kibonde mbele yake cha kubebea unga wa mbao, na meno yakiwa mengi vibonde vinakuwa vidogo. Kibonde kinajaa kabla hakijatokea chini, na jino bado linapakia, kama daladala ya saa kumi na moja jioni. Unga ukikosa pa kwenda unaisukuma bledi pembeni. Bledi nyembamba ikisukumwa, inakwenda.

Tulipotenganisha vipande, kimoja kilikuwa na tumbo na cha pili kilikuwa na bonde la kulipokea hilo tumbo. Moshi ulitoka wa kutosha kumleta jirani na ndoo ya maji. Alipoona hakuna moto, akaomba kile kipande chenye bonde. Anasema atakitoboa mashimo acheze bao.

Jumatano

Habari zimeenea Keko kwamba natafuta bledi. Keko fanicha inatengenezwa mlango hadi mlango, kwa hiyo rai hazina uhaba.

Nilianza kwa Babu wa karakana ya pili. "Shikamoo, Babu." "Marahaba. Chukua pana. Pana haiyumbi." Kwa mashine yake ni kweli, ina magurudumu yanayonifika kifuani. Yangu ni ya inchi 14. Mwingine akasema meno mengi ndiyo hukata laini. Huyo nikamwonyesha mkongo wenye tumbo, akasema tatizo ni mkongo. Wa tatu akashauri niupasue kwa msumeno wa mviringo, inchi 3 kutoka juu, inchi 3 kutoka chini, nikutane na njia yangu mwenyewe katikati. Msumeno huo unakula milimita 3 au zaidi kila unapopita, na wakati mwingine njia hazikutani, zinapishana.

Muuza nyama wa pale kona alikuja mwenyewe, bledi mkononi, imefungwa gazetini. Kwenye mashine yake ya kukatia mifupa inakaa bledi ya upana wa inchi 5/8, meno 4 kwa inchi. Kwa upande wa meno alikuwa karibu na jibu kuliko mafundi wote wa siku hiyo. Tatizo ni urefu. Yake ni sentimita 165, mashine yangu inataka 237 na nusu. Akapendekeza nisogeze magurudumu. Nikamshukuru.

Ameniachia ile bledi niendelee kufikiria. Paka wa mtaa wamekuja kufikiria pamoja nami.

Alhamisi

Mtaa wa maduka, Gerezani. Dada wa kaunta akaniuliza nataka bledi ya shilingi ngapi. Nikasema nataka ya meno 3 kwa inchi. Akamwita kaka wa stoo.

Kaka wa stoo akaleta ya inchi 1. Nikamwambia haiingii. Akauliza mashine imeandikwa mwisho ngapi. Nikasema robo tatu. "Basi chukua robo tatu, mzee." Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Kibao cha mashine kinaeleza upana unaoingia, hakielezi upana unaokazika. Bledi inapasua wima kwa sababu imevutwa, na kadiri inavyokuwa pana ndivyo inavyodai kuvutwa kwa nguvu zaidi. Kwenye mashine ya inchi 14 unakaza mpaka springi inafunga, pete juu ya pete, na bledi ya robo tatu bado inacheza ukiigusa kwa kidole. Nusu inchi iliyokazwa sawasawa inaishinda robo tatu iliyolegea, na inauzwa kwa bei ya chini. Kaka hakufurahishwa na sehemu hiyo ya mwisho.

Akaleta nusu inchi, lakini nene, milimita 0.9, akaisifu kuwa haitakatika. Itakatika. Chuma kinene kikizungushwa kwenye gurudumu dogo kinakunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, na nyufa zinaanzia kwenye vibonde, chini ya meno. Ya milimita 0.6 inakunjika bila ugomvi.

Ikabaki shepu ya meno. Kuna yale yaliyosimama wima yenye nafasi pana katikati, na kuna ya ndoano, yaliyoinamia mbele kidogo, yanayojivuta yenyewe kwenye mbao. Kwa mbao ngumu ya kimo kirefu nachukua ndoano. Kulikuwa pia na bledi yenye ncha za kabaidi, na dada wa kaunta akaitamka bei yake kwa sauti ya chini. Ingekuwa kazi ya mtiki, kwa mfano ule wa Longuza kule Muheza, ningesita, maana mtiki una mchanga ndani yake na unaua makali mapema. Mninga hauna tabia hiyo. Nikachukua chuma cha kawaida: nusu inchi, meno 3, ndoano, 0.6. Meno 18 tu ndani ya ubao, kila moja na kibonde cha kutosha.

"Mzee, meno machache hivyo si itakata na michirizi?" kaka akauliza.

Itakata na michirizi. Michirizi ni kazi ya randa. Tumbo randa haiwezi kulimaliza, labda umalize na ubao.

Bledi inakatwa kutoka kwenye roli na kuungwa palepale. Fundi wa kuunga alikuwa ameenda kula. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Ijumaa

Dogo ameifuata bledi. Haya ya njiani nimeelezwa na dereva wa bajaji, aliyeingia karakana kabla ya dogo.

Bledi hukunjwa mizunguko mitatu na kufungwa kwa waya. Walipofika mataa ya Chang'ombe dogo akaufungua waya ahakikishe kama meno ni 3 kweli. Chuma cha mita 2 na ushee kikifunguka ndani ya bajaji hakishauriani na mtu. Dereva alitoka kulia, dogo alitoka kushoto, bledi ikabaki peke yake kwenye kiti, na trafiki akawa wa kwanza kuuliza. Kiti kina mkato mmoja mrefu, safi, hauna tumbo. Nimelipa nauli na kiti.

Mchana dogo akafunga bledi na kuanza kujaribu. Mbao ikawa inaruka kutoka mezani. Akaisukuma kwa nguvu zaidi, ikaruka zaidi. Nilipofika nikakuta meno yanatazama dari. Nikamwambia ageuze. Akaivua, akaizungusha, akairudisha, meno yakatazama dari. Bledi ya mkanda hata uizungushe mpaka Magharibi haibadiliki; dawa yake ni kuishika kwa mikono miwili na kuipindua, ndani iwe nje, kama afanyavyo mtu anayegeuza soksi. Dogo akasema mashine imetengenezwa kinyume. Nikaipindua. Akasema sasa imetengenezwa sawa.

Jumamosi

Mama amefika na binti yake.

"Fundi, milango?"

"Iko njiani, Mama."

"Njiani kutoka wapi?"

Ubao wake ulikuwa umeegemea ukuta, mzima, kama ulivyokuja. Akaukagua ncha zote mbili kuhakikisha ni uleule. Nikamwonyesha bledi kama ushahidi kuwa kazi inaendelea. Akapima inchi kwa kidole gumba, akahesabu meno.

"Matatu."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile ya zamani?"

"Kumi."

Akamtazama binti yake. "Ameenda dukani akanunua pungufu."

Jumatatu

Kuna tik. Bledi inazunguka vizuri lakini inasema tik, tik, tik. Ni kiungo, fundi hakukisugua kikalingana na pande zake, kwa hiyo kila kinapopita kwenye vishikio kinagonga. Bledi inakimbia kama mita 900 kwa dakika. Gawanya kwa urefu wake, ni zaidi ya tik 6 kwa sekunde. Dogo ameanza kutembea kwa mdundo huo.

Saa nane kiungo kikaachia. Mlio wa bledi inayokatika ndani ya mashine unasikika mpaka barabarani. Muuza nyama akaja na ile bledi yake tena. Alikuwa ameichukua asubuhi kwa sababu ya paka.

Kwa jinsi ilivyokatika, chuma pembeni ya kiungo kilikuwa kimekauka mno. Ukishaunga lazima upitishe moto tena, taratibu, kiungo kirudi kuwa cha kupindika. Nikaipeleka kwa fundi mwingine wa kuunga, na tukiwa tunasubiri ipoe nikamweleza kwamba msumeno wa mkanda uliandikiwa hataza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 na William Newberry, ukashindwa kutumika kwa miaka mingi kwa sababu hii hii, viungo vilikuwa vinakatika. Mpaka mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin, alipopata hataza ya namna ya kuunga bledi.

Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huyo mama ana duka Gerezani. Nikasema hapana. Akaendelea kusugua kiungo, na lazima niseme, alikisugua vizuri. Ukipitisha ukucha haukioni.

Jumanne

Babu alikuja kukagua. Akasema bledi mpya haianzii kwenye mali ya mtu, akaniletea kipande chake cha mvule niipimie. Ushauri mzuri. Nikachora mstari, nikaanza kusukuma, bledi ikala bila kelele, unga mkubwa mkubwa ukimwagika chini. Tukatazamana kwa kuridhika.

Kisha mlio, cheche, na harufu isiyokuwa ya mbao.

Mvule una hulka ya kuweka mawe. Mti unaivuta chokaa kutoka ardhini na kuigandisha ndani ya shina, na kwa nje ubao haukuonyeshi kitu. Jiwe letu lilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe, jeupe, gumu kiasi cha kuondoka na meno mengi ya mwanzo na kuyalaza yaliyofuata. Babu akalitoa kwa patasi, akalipuliza, akalitia mfukoni.

"Kipande kizuri hiki," akasema, akauchukua na mvule wake.

Jumatano

Gerezani. Kaka wa stoo akaniuliza kama sasa niko tayari kwa ile nene. Nimechukua nyingine ya namna ileile. Bei imepanda tangu wiki iliyopita, kwa sababu, dada wa kaunta ameeleza, siku hizi zinaulizwa sana.

Bajaji nimepanda mwenyewe, bledi nimeikalia.

Alhamisi

Siku ya kurekebisha, hakuna kilichopasuliwa, na mpita njia angedhani tumelala. Nimefuta mipira ya magurudumu, imejaa unga ulioganda. Nimekaza bledi bila kuangalia kipimo cha mashine, ambacho kimekwama kwenye nambari moja tangu niinunue. Nikawasha, nikalegeza kidogo kidogo mpaka bledi ikaanza kupepesuka, nikairudisha ilipotulia na kuongeza kidogo. Vishikio vya pembeni nimeviacha nafasi ya karatasi, nikavirudisha nyuma ya vibonde visiguse meno. Beringi ya nyuma nimeisogeza iguswe pale tu ubao unaposukumwa. Mkono wa juu umeshuka mpaka unakaribia kugusa ubao, maana kila inchi ya bledi iliyo wazi ni inchi ya kuyumba.

Halafu ukaidi. Kila bledi ina upande inaoupenda. Ukiilazimisha ifuate kizuio kilichonyooka itakupeleka inakotaka na kukuachia unene wa aina mbili. Babu alikata kigongo, akakichonga mbele kikawa mviringo, akakibana mezani mkabala na meno. Ubao unaegemea hapo tu, nukta moja, na mikono inageuza mkia wake kufuata mstari. Hakuna aliyetaja mvule.

Dogo aliuliza kwa nini hatukuanza na siku hii. Nimempa kazi ya kufagia.

Jumamosi

Kipande cha kwanza kilipita chote. Nilisukuma polepole, nikiisikiliza mota. Ikianza kuguna nilipunguza. Kufika futi ya mwisho dogo akapokea kwa upande wa pili. Tulipozifungua zile nusu tukanyamaza kidogo, halafu nikapiga chafya mfululizo mpaka nikatoka nje. Vumbi la mninga halina adabu puani.

Kipande cha pili kilikuwa kimefika futi 3 umeme ukakatika. Bledi ndani ya ubao, ubao mezani, mimi nimeushika. Nikazima swichi, maana umeme ukirudi hauulizi nani yuko karibu. Njia ikaanza kubana bledi, nikapachika kabari nyembamba nyuma yake ibaki wazi. Tukakaa.

Mama akapiga simu. "Fundi, leo si Jumamosi?"

"Ndiyo, Mama. Tumefika futi 3."

"Kati ya ngapi?"

"Nne."

Kimya. Nadhani hakutegemea jibu la kweli.

Umeme ulirudi jioni, dhaifu, taa zikiwa na rangi ya chai. Kwa nguvu hiyo mota inavuma bila kusogea. Nikasubiri taa ziwe nyeupe, nikawasha bledi ikiwa huru ndani ya njia yake, nikamaliza futi iliyobaki. Pale ilipolala ikisubiri kuna alama nyembamba ya kusimama wima. Randa ilipita mara mbili, ikatoka.

Jumatatu

Mninga husifiwa kuwa hauendi popote, ukishakauka unatulia. Huu wa marehemu haujapata habari hiyo. Nje ulikuwa mkavu, katikati ulikuwa na unyevu wake wa siri, na jana kutwa sura mpya zilipokutana na hewa zikasinyaa, nusu zote nne zikajikunja kuelekea ndani. Si sana. Unaiona ukiweka rula.

Nimezipanga juu ya vijiti, hewa ipite pande zote, na uzito juu. Nimempigia Mama kumweleza. Akauliza ubao uliokaa uvunguni miaka yote hiyo unachoka vipi kwa siku mbili kwangu.

Ijumaa

Zimetulia. Zimepigwa randa, zimeungwa kwa gundi, zimeingia kwenye fremu. Kahawia ya dhahabu, mistari myekundu inaanza pembeni, inapanda na kukutana katikati ya mlango. Mafundi wa jirani wamekuja kuangalia. Yule wa meno mengi alipitisha kiganja, akasema ndiyo hiyo aliyokuwa ananieleza.

Jumamosi

Mama amesimama mbele ya milango muda mrefu. Akamwita binti apige picha, akaituma kwa shemeji papo hapo. Halafu akatoa futi ya kushonea kwenye pochi, akapima unene wa ubao kwenye ukingo.

"Robo tatu."

"Ndiyo, Mama."

"Na wa pili?"

"Robo tatu."

"Robo tatu na robo tatu ni inchi moja na nusu. Mimi nilileta inchi mbili, fundi."

Nikamweleza. Njia ya bledi imekula milimita moja na ushee, na hiyo ni kidogo, msumeno wa mviringo ungekula zaidi. Kilichobaki kimeondoka na randa, nje na ndani, kwa sababu ya ule mkunjo. Akasikiliza vizuri, akitikisa kichwa kwa utaratibu. Nikadhani tumeelewana.

"Kwa hiyo hiyo nusu inchi haijaenda mbali. Iko hapa hapa chini."

Dogo akaleta gunia. Mama anafuga kuku, maranda anayatandika bandani. Akasimama mlangoni mpaka sakafu yote ilipofagiliwa, akakataa mchanganyiko wenye unga wa mkongo kwa kuwa si wake, akamlipa dereva wa pikapu, akalipa na salio langu. Gunia akalinyanyua kidogo kwa mkono mmoja kulipima.

"Kuna mengine yamebaki kwenye mashine," akasema. "Ifungueni."

Dogo amefungua kifuniko cha chini. Kweli, kulikuwa na mengi.